Usaha 'kama jibini'?

Mara nyingi nimesoma kuwa tezi za mbuzi zilizovimba hutoa 'usaha kama jibini'. Mtafsiri amefuata Kilatini, caseus, yaani jibini. Sawa. Lakini hapa Kianjokoma, Embu, maziwa ni ya chai na ya kuuza. Jibini, kwa anayeijua, ni kile kipande kigumu cha manjano cha dukani. Mfugaji atautafuta umanjano huo, aukose, alitumbue jipu zizini na kuwaambukiza mbuzi wengine. Mimi ningeandika: 'usaha mzito, mweupe au wa kijani hafifu, kama dawa ya meno, usilitumbue jipu zizini, mwite daktari wa mifugo.' Tashbihi, ndugu msomaji, hukifananisha usichokijua na unachokijua. Hii ya jibini imekwenda kinyume.