Sifa za Saisi

Wahenga walionya kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Onyo hilo walimwekea mtu wa tamaa, nami sina ubishi nalo. Hata hivyo, kwenye pwani ya kaskazini ya Jamaika wako watu ambao riziki yao ni kuwapanda hao wawili kwa pamoja kila meli ya watalii inapofunga gati, na jioni wakarudi makwao wazima. Hao ni masaisi wanaowatembeza wageni kwa farasi, ufukweni na hata ndani ya bahari. Upande mmoja saisi ana mgeni aliyelipa, hamu na woga vikigombana kifuani mwake, na muda wake nchi kavu ni saa chache tu. Upande wa pili ana mnyama wa kilo mia nne na ushei, asiyejua habari za meli wala za malipo. Kila mmoja ana haki yake. Nawasifu masaisi kwa sababu hutimiza haki zote mbili, na ufundi wao, nionavyo mimi, umejificha zaidi katika yale wanayoyakataa.

Kazi huanza na saa. Mji wa Falmouth ulianzishwa mwaka 1769, ukatajirika kwa sukari na ramu zilizotokana na jasho la watumwa, kisha ukafifia kwa miongo mingi hadi lilipofunguliwa gati la meli za kitalii mwaka 2011. Leo meli moja kubwa yaweza kushusha maelfu ya abiria asubuhi moja, na wote wanatakiwa kurudi melini siku hiyohiyo. Hapo pana mtego. Jamaika haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Florida, zinakotokea meli nyingi, husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Meli ikibaki na saa ya ilikotoka, mgeni hushuka na saa moja mkononi akakuta nyingine ukutani. Saisi makini huuliza mapema mgeni anafuata saa ipi. Akishajua, hesabu hiyo huibeba yeye, isimfikie farasi. Mnyama aliyetandikwa harakaharaka huanza safari na kinyongo, na kinyongo cha farasi hulipwa na aliye juu yake.

Wageni wanaposhuka kwenye basi hudhani kazi bado. Kumbe saisi ameshaingia kazini. Atamuuliza kila mmoja kama amewahi kupanda farasi, ila jibu lenyewe halitegemei sana, anatazama. Asemaye hajawahi, kisha akamsogelea farasi taratibu kwa ubavuni na kumpa mkono aunuse, huyo hana tabu. Asemaye amezoea, huku akipaza sauti na kumjia mnyama kwa nyuma, ndiye wa kuchungwa. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa chini ya pua. Anayetokea huko humshtua, na farasi aliyeshtuka hajibu kwa maneno.

Wakati huohuo saisi ana siasa za farasi wenyewe. Katika kundi wana wakubwa wao na wadogo wao. Yuko asiyekubali kupitwa, yuko asiyevumilia kusogelewa mkia, na mpiga mateke huwekwa wa mwisho ambako hana wa kumpiga. Mtoto mwoga hupewa farasi mzee aliyekwisha kuona kila kitu. Kijana mwenye pupa hupewa mvivu. Yote hayo hupangwa kwa dakika chache, watu wamesimama juani wakingoja.

Kisha huja suala la uzito. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450, basi, mwisho wake ni kilo 90. Sasa fedha zimeshatolewa, familia imeshavaa kofia za kujikinga, na baba mtu ana kilo 120. Saisi asiyeijua kazi hucheka, au hufumba macho na kumpandisha. Anayeijua hamfanyii mtu mzaha wa mwili mbele ya wanawe. Humwita kando, humweleza kwamba leo hapana farasi wa kumfaa, humtafutia jambo jingine la kufanya hadi wenzake warudi. Mgeni huondoka na heshima yake, farasi akabaki na mgongo wake.

Hata kufunga tandiko kuna siri zake. Farasi wengi, wakihisi ukanda wa tumbo unakazwa, hujaza pumzi na kutuna. Ukiridhika na kukaza huko kwa kwanza, hatua chache mbele tandiko litalegea na mpandaji ataning'inia ubavuni. Kwa hiyo saisi hukaza, humtembeza kidogo, kisha hukaza tena. Urefu wa vikuku vya kukanyagia huupima kwa mkono wa mgeni mwenyewe: ncha za vidole zikigusa tandiko, kikuku kifike kwapani. Somo la mdomo ni fupi. Tazama mbele, shusha visigino, hatamu usizivute kama kamba ya kisima. Zaidi ya hapo mgeni hatakumbuka, naye saisi haoni sababu ya kuyasema.

Njiani masaisi hujigawa, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele ndiye anayeamua mwendo, kwa maana farasi humfuata farasi mwenzao kuliko wanavyomtii mgeni. Hapo ndipo ombi la siku zote hutokea: mgeni anataka shoti, watu wampige picha akikimbia. Saisi humpa mwendo wa matiti wa hatua chache mahali pa tambarare, basi. Kurudi ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa farasi wakielekea nyumbani huongeza mwendo wenyewe, na kundi zima laweza kuondoka na watu wasiojua kusimamisha. Saisi wa mbele huwazuia kwa utulivu, bila kelele, huku akisimulia habari za miti na vijiji kana kwamba hana kazi nyingine.

Sifa hii ina historia nyuma yake. Christopher Columbus aliwaleta farasi Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493, baada ya maelfu ya miaka ambapo Amerika haikuwa na farasi hata mmoja. Wahispania wakawafuga Jamaika, na Waingereza walipokiteka kisiwa mwaka 1655 wakaendeleza ufugaji. Katika wilaya ya St Ann kulikuwa na mashamba ya mifugo yaliyolea ng'ombe, nyumbu na farasi kwa ajili ya mashamba ya miwa. Mwanahistoria Verene Shepherd ameyachunguza kwa kina. Mikono iliyowalisha, iliyowatibu na kuwafundisha wanyama hao ilikuwa ya Waafrika waliofanywa watumwa. Uhuru kamili ulipofika mwaka 1838, wengi wao hawakuwa na ardhi wala hati, lakini ujuzi walikuwa nao. Aliyemshikia bwana hatamu zamani hakuwa na ruhusa ya kusema hapana, hata mnyama akifa kwa kuchoka. Leo saisi akimwambia mgeni tajiri kwamba farasi huyu amefanya kazi ya kutosha, anatumia haki ambayo haikutolewa bure. Kwa hiyo nampima kwa ujasiri wa kukataa kuliko kwa wepesi wa kupanda.

Ujasiri huo hupimwa zaidi baharini, pale ambapo safari nyingi za Jamaika huwa na kilele chake. Matandiko huvuliwa, wageni hubadili nguo, na farasi huingizwa majini. Kabla ya hapo saisi ameshaisoma bahari: mawimbi yanavunjika wapi, chini kuna mchanga au jabali, na kama mwani uitwao sargasamu, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukifurika fukwe nyingi za Karibi, umefunika sehemu ya kuingilia. Akiona hapafai, hapaingiwi, hata kama picha ya tangazo ilionyesha kuogelea.

Farasi huogelea kwa asili yake, akipiga miguu kwa mpigo wa matiti, mwili chini na pua juu ya maji. Pua hiyo ndiyo uhai wake, kwa kuwa farasi hapumui kwa mdomo. Mgeni aliyeshtuka hutaka kushika hatamu na kuvuta. Akivuta kwa nguvu, kichwa hurudi nyuma, na farasi aweza kupinduka naye. Hatamu zikiachwa zikaning'inia, mguu wa mbele utanasa humo. Kwa hiyo saisi huzishika yeye mwenyewe, au huzifupisha zisifike miguuni, na mgeni huambiwa ashike singa za shingo, ainame mbele kidogo na aiache miguu yake ielee. Saisi huwa kando yao majini, jicho moja kwenye pua ya farasi, jingine kwenye uso wa mtu. Mgeni akiomba mzunguko mwingine, jibu hutegemea pumzi za farasi.

Wageni wakiagana, nusu ya kazi bado imebaki. Chumvi iachwapo mwilini huwasha, na chini ya ukanda huchubua, kwa hiyo kila farasi huoshwa kwa maji baridi, hunyweshwa, huwekwa kivulini, na kwato zake huinuliwa moja moja kutafuta jiwe lililokwama. Mgeni haoni hayo, kwa kuwa basi limeshapiga honi.

Nawe ukijaliwa kushuka pwani hiyo, chelewa kidogo kupanda basi. Wasogelee farasi waliovuliwa matandiko, kwa ubavuni, na utazame migongo yao. Pasiwe na kidonda. Viraka vya manyoya meupe, aghalabu, ni makovu ya tandiko baya la zamani. Ukiona vidonda vibichi, mwambie mwenye biashara waziwazi na uwaonye wengine. Ukiona migongo salama, toa bahashishi bila kusita. Na kama masaisi walikuwa wawili, mmoja aliyekupa shoti uliyoiomba na mwingine aliyekunyima, mpe huyu wa pili fungu lililo kubwa.