Takhmisi ya Kinanda

Washairi wa pwani wana sanaa iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akatanguliza mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizifanyia hivyo tungo za Fumo Liyongo. Kuongeza maneno si kazi. Kazi ni kuitunga hiyo mitatu hata miwili ya kale ikifika, ionekane ilikuwa inangojewa.

Mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach alifanya jambo hilohilo kwa nyimbo za Kilutheri, akitunga vipande vya kinanda cha mabomba vya kuutangulia wimbo wa waumini. Ufundi huo aliutafuta kwa miguu: mwaka 1705, akiwa na miaka 20, alitoka Arnstadt kwenda Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda Dieterich Buxtehude, kiasi cha kilomita 400. Ni kama mtu atembee kutoka Lindi hadi karibu na Dar es Salaam.

Chukua wimbo wa wanawali kumi, uliochapishwa mwaka 1599 na mchungaji Philipp Nicolai baada ya tauni kuwamaliza wengi wa waumini wake mjini Unna. Bach aliutumia katika kantata ya mwaka 1731, kisha karibu na mwaka 1748 akaitoa sehemu yake moja kwa kinanda pekee. Sauti ni tatu tu. Mkono wa kulia unaanza na lahani mpya, yenye madaha, huku miguu ikishika besi. Wimbo wa kanisani haujasikika bado. Umeshaizoea lahani hiyo, ndipo mkono wa kushoto unauleta wimbo wenyewe, mstari mmoja wa taratibu, halafu kimya. Lahani ya juu haisimami wala haipishi. Inaendelea na safari yake, na sauti hizo mbili hazigongani. Wengi husifu wepesi wa vidole hapa. Mimi nasifu subira: fundi mkubwa kama huyu kukubali kuwa mtangulizi wa wimbo asioutunga!

Kinanda cha mabomba hutakikuta kijijini kama Mkotokuyana. Lakini kazi hii ya Bach haikuhitaji wajuzi wa kumbi za muziki. Ilihitaji msikilizaji aliyekua na wimbo, ambaye noti chache zikipita anaujua uliobaki. Mtalii aliyeko Leipzig, mji wa Bach, asiyewahi kuuimba, atasikia kitu kizuri. Mwanakwaya wa Nachingwea au Ruangwa aliyelelewa na kitabu cha nyimbo za Kilutheri, Mwimbieni Bwana, ndiye atakayesikia sauti mbili zikizungumza.

Basi, mwalimu wa kwaya, kinanda chako cha umeme kinatosha. Namba ya wimbo ikitajwa Jumapili, usipige mstari wa kwanza tu ili watu wapate sauti. Tunga dakika moja ya kuwafikisha. Na usianzie kwa Wajerumani. Anza na Mfurahini Haleluya wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, ambao kila mtu kanisani anaujua.