Shangingi na Ndugu Zake: Dhihaka Iliyogeuka Sifa

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Katika insha hii twataka kuyatazama majina ambayo wananchi wameyapa magari ya wakubwa, tuyahakiki kama tuhakikivyo shairi. Kwani jina la kupanga ni shairi la neno moja, na mtunzi wake ni umma.

Yafaa tuanze na kisa kilichotupata wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja tuliyoitumikia, mkuu wetu alibadilishiwa gari. Alikuwa na Land Cruiser VX, zima kabisa, lisilo na kasoro ila vumbi. Akaletewa Land Cruiser V8 jipya. Watumishi tulijipanga uani kulipokea. Nasi, kwa kuwa twajulikana kuwa watunzi, tuliagizwa tutunge beti tatu za pongezi. Tulizitunga. Gari tukaliita ndovu, tukaliita jahazi, na vina vikakaa sawasawa. Baadaye tarishi wetu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alituuliza kwa upole: "Mshairi wetu, lile la kwanza lilikuwa na ugonjwa gani?" Hatukuwa na jibu. Insha hii ni jibu tulilochelewa kulitoa.

Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walizua neno Wabenzi kutokana na magari ya Mercedes-Benz. Tazama ufundi wake. Neno limewekwa katika ngeli ya watu, sawa na Wagogo au Wahaya, kana kwamba wakubwa hao wamekuwa kabila jipya lisilo na kijiji. Jina lilimshika mtu, si chombo chake. Kwetu Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha. Na Oktoba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Dhihaka ya umma na siasa ya nchi zilikuwa zikisema neno moja.

Gari la kazi la zama hizo lilikuwa Land Rover, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Watu waliiita Landrova, basi. Ilipakia mbegu, dawa, karani na mgonjwa, na abiria wake walishuka wakiwa na vumbi kama wenyeji wao. Hatukumbuki kuisikia ikipewa jina la kejeli.

Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, mambo yalibadilika, na lugha nayo ikabadilika. Land Cruiser kubwa za Toyota zilipozidi barabarani, mitaa ikaziita mashangingi. Shangingi ni mwanamke aliyekubuhu katika starehe za mjini, mwenye mapambo mengi na gharama nyingi. Tamathali hii ina makali: yasema kwamba gari hilo lamtafuna anayelitunza, na anayelitunza ni mlipa kodi. Hata hivyo twaiona ila mbili ndani yake. Kwanza, mwenye gari aghalabu ni mwanamume, lakini tusi limebebeshwa mwanamke. Pili, jina limekishika chombo na kumwacha mtu. Mbenzi alijulikana; mpanda shangingi amejificha nyuma ya vioo vyeusi. Ndiyo maana haikuchukua muda kabla wakubwa wenyewe hawajaanza kulitamka neno hilo kwa tabasamu. Dhihaka isiyomchoma mtu humgeukia mtu kuwa sifa.

Kisha ikaja V8. Hapa hakuna tamathali tena, kuna hesabu tu: injini ya silinda nane. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliwaagiza mawaziri waachie magari makubwa, watumie yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1800. Huko ukubwa wa injini ulitumiwa kuwa kipimo cha kubana matumizi. Kwetu umekuwa kipimo cha cheo. Tena, Land Cruiser ya toleo la 300, iliyotoka mwaka 2021, ina injini ya silinda sita, lakini wapo wanaoendelea kuiita V8. Silinda mbili zimeondoka, cheo kimebaki. Neno lililoachana na kitu chake na bado likaheshimiwa si jina tena, ni hirizi.

Huenda mtu akasema kwamba nchi ni kubwa, barabara nyingi ni za udongo, na masika hayana huruma. Ni kweli. Daktari wa wilaya anahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lakini VX huvuka tope, na V8 huvuka tope lile lile. Kuhama kutoka moja hadi nyingine hakuongezi safari ya kijijini hata moja. Hivyo sababu ya kuhama haimo katika barabara. Imo katika macho ya watazamaji, nasi watunzi tu miongoni mwa watazamaji hao.

Walimu wa Kiswahili, twawaomba jambo moja. Mnapofundisha tamathali za usemi, msiishie katika vitabu. Wapeni wanafunzi maneno haya matatu, Wabenzi, shangingi na V8, waulizwe kila moja lamtaja nani, lamficha nani, na nani hulipa. Mwanafunzi atakayeweza kujibu atakuwa amejifunza fasihi na uraia kwa pamoja.

Ama zile beti zetu tatu, tumezichana. Vina vyake vilikuwa vizuri, lakini havikumjibu tarishi.