Mashine Inapotukisia Maneno
Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tegic ya Marekani ilibuni T9. Kila kitufe cha simu kilibeba herufi tatu au nne. Mwandishi alikibonyeza mara moja, nayo mashine ikakisia neno kutoka katika orodha yake. Hivyo 5-2-5-2 ni “kaka”, na pia ni “lala”. Hiyo ni kasoro ndogo. Kubwa ni orodha yenyewe, kwani neno la Kiswahili halingoji orodhani, bali hujengwa: mzizi -pend- hutupa “hatukupendana”, “wangependeza” na mengi mengineyo. Simu za leo zimeendelea, lakini bado hukisia. Twasema basi: zifundishwe mizizi na viambishi. La sivyo, vijana wetu watazoea kuandika yale tu yanayojulikana na mashine, na lugha itadumaa.