Sumu ya Mbu Hukaa Wapi Kwenye Ua la Pareto

Chuma ua la mchunga pembeni mwa shamba la mpunga Ifakara, ulipasue kwa wembe kuanzia juu hadi kwenye kikonyo. Kila kinachoonekana kuwa petali ya njano kina ovari yake chini, stameni zake na stigma yake. Ncha yake ina meno matano madogo, alama ya petali tano zilizoungana zikawa ulimi mmoja. Ulichoshika si ua moja bali kichwa cha vijiua vingi, vimesongamana juu ya kitako kimoja na kuzungukwa na vijani vinavyofanya kazi ya sepali.

Jamii yote ya alizeti imejengwa hivyo, ingawa mipango inatofautiana. Mchunga una ndimi tupu. Kishona nguo kina vijiua vya mrija katikati, na pembeni ndimi chache nyeupe zisizozaa; mara nyingine hata hizo hazipo. Vile vimiba viwili au vitatu vinavyong'ang'ania suruali vimekaa mahali ambapo maua mengine huwa na sepali. Alizeti nayo ina ndimi kubwa zinazopendeza macho lakini hazitoi hata punje moja. Kazi yake ni kuita nyuki. Mafuta yote hutoka kwa vile vijiua vyeusi vya katikati visivyotazamwa na mtu.

Kijiua cha mrija ndicho chenye ufundi. Stameni zake tano zimegandana ubavu kwa ubavu zikawa bomba, na chavua humwagika kwa ndani. Kisha stilo hupanda kutoka chini na kuisukuma chavua nje, kama mpini wa bomba la sindano. Baada ya hapo tu ndipo ncha ya stilo hupasuka pande mbili na kupokea chavua ya wengine. Kijiua kilekile huanza dume, kikawa jike. Na kwa kuwa vinafunguka kwa zamu kutoka ukingoni kuelekea katikati, kichwa kimoja kinaweza kuwa na majike pembeni, madume yakifuata, na vitumba kitovuni.

Zamu hiyo ndiyo saa ya mchuma pareto. Pareto, nayo ya jamii hiyohiyo, haiwezi bonde la Kilombero, iliko Ifakara, ambalo sehemu kubwa haifiki mita 300 juu ya usawa wa bahari. Inahitaji baridi ili itoe vitumba. Inalimwa juu, nyuma ya milima ya Udzungwa, huko Mufindi, na kiwanda kiko Mafinga. Mchumaji mzoefu haangalii weupe wa ndimi za pembeni. Anaangalia njano ya katikati, na huchuma pale robo tatu hivi ya vijiua vimeshafunguka. Sababu ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya pairethrini, yaani sumu yenyewe, imo kwenye ovari. Ukiwahi, ovari bado changa. Ukichelewa, kiwango kinashuka. Ndimi nyeupe karibu hazina kitu.

Wengi husema dawa ya chandarua imetengenezwa kwa pareto. Si kweli. Pairethrini huharibiwa upesi na mwanga. Wanakemia Staudinger na Ružička walichapisha uchambuzi wa umbo lake mwaka 1924, lakini ilichukua karibu nusu karne hadi Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walipounda permethrini mwaka 1973: molekuli iliyoigwa kwa ua, ikarekebishwa ivumilie jua. Molekuli za namna hiyo, yaani pairethroidi, ndizo zilizofika Ifakara. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvichovya katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.

Leo Anopheles funestus, mbu anayebeba sehemu kubwa ya malaria bondeni, amejenga usugu dhidi ya pairethroidi. Vimeng'enya vyake huivunja sumu kabla haijamwua. Jibu mojawapo ni vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo. Nayo si ngeni: ilibuniwa miaka ya 1940 ili pareto, iliyokuwa adimu na ghali, iue wadudu wengi kwa kiasi kidogo.