Kichupa Hakitikiswi

Mtu aliyezoea kutenga plazimidi utamjua kwa anavyokishika kichupa. Anakipindua taratibu, juu chini, mara nne au tano, jicho lisibanduke kwenye maji ya ndani, yaliyokuwa na ukungu na sasa yanang'aa na kuvutika kwa ute. Ute huo ni DNA.

Bakteria wengi wana kromosomu moja ya duara. Ile ya E. coli ina jozi za besi zipatazo milioni 4.6, ukiinyoosha inafika kama milimita moja na nusu, nayo imejikunja ndani ya seli ya mikromita mbili hivi. Pembeni yake huweza kuwepo plazimidi: viduara vidogo vinavyojinakili vyenyewe, na mara nyingi ndivyo vinavyobeba jeni za usugu wa dawa. Kazi ni kukitoa kidogo na kukiacha kikubwa.

H. C. Birnboim na J. Doly walichapisha njia yao mwaka 1979, na mpaka leo sijaona iliyo nadhifu kuishinda. Kostiki soda na sabuni kali hupasua seli na kuzitenganisha nyuzi mbili za DNA. Za plazimidi zimepitana ndani ya duara lililofungwa, kwa hiyo hata zikiachiana hazipotezani. Halafu inatiwa asetati ya potasiamu yenye asidi. Nyuzi za plazimidi zinarudiana papo hapo. Za kromosomu, kwa urefu wake, zinashikana ovyo na kuganda pamoja na protini na sabuni, mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Mashine ikizungusha, mabonge yanakwenda chini, plazimidi inabaki majini.

Ukitikisa kichupa, kromosomu inakatika vipande vinavyoponyoka na kuchanganyika na plazimidi. Ukiiacha kostiki zaidi ya dakika tano hivi, plazimidi yenyewe inaharibika. (Siku hizi dawa zote huuzwa tayari kwenye boksi, chupa zimepewa namba, na wengi hawaulizi kuna nini ndani. Maelezo bado yanasisitiza: usitikise.)

Kuiona kromosomu nzima ni kazi ngumu zaidi, nami naiheshimu zaidi. Hapo seli huchanganywa na agarosi ya moto kiasi na kuachwa zigande humo zikiwa nzima, ndipo sabuni na kimeng'enya cha kula protini vipenyezwe polepole, hata usiku kucha. Pipeti haiigusi DNA kabisa. Kibonge hicho cha agarosi kinaingizwa kwenye jeli, na umeme unabadilishwa mwelekeo tena na tena kwa saa nyingi. DNA iliyo ndefu huchelewa kugeuka, ikaachwa nyuma.

Kwa njia hiyo Michele Trucksis na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana kromosomu mbili. Mfuatano kamili wa mwaka 2000 ulitoa vipimo: jozi milioni 2.96 na milioni 1.07. Ile ndogo huanza kujinakili kwa mtindo wa plazimidi, ila imebeba jeni ambazo bakteria huyo hawezi kuishi bila hizo.

Tena ina subira. Haianzi mpaka unakili wa kubwa upite mahali paitwapo crtS, hivyo zote mbili humaliza karibu wakati mmoja. Kundi la Didier Mazel katika Taasisi ya Pasteur, Paris, lilieleza jambo hilo mwaka 2016. Walipoihamishia crtS mahali pengine kwenye kromosomu kubwa, saa ya ndogo kuanza nayo ikahama.