Jino Lina Pande Tano

Kunapopambazuka, kabla gari la kwanza la watalii halijapita kuelekea lango la Loduare, mzee anayelinda geti letu hapa Karatu huzima taa ya nje, huketi kwenye gogo, na kuchomoa kijiti kiunoni, pale pale inapokaa sime. Kwao ni Endulen, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro. Shuka lake huwa bado limemfunika mabega kwa sababu ya baridi. Ameanza kupiga mswaki, na hatamaliza leo wala kesho kwa kipimo cha mtu wa mjini. Mimi nimeshakunywa chai na kutafuta funguo za pikipiki, yeye bado yuko kwenye magego ya kulia.

Kijiti ni cha mti wa mswaki, ambao Wamaasai huuita oremit na wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Huota sehemu za joto na chumvichumvi, kwa mfano kule chini bonde la Ziwa Eyasi. Tumezoea kuita mswaki kile kiplastiki cha dukani hata tukasahau kwamba mti ndio wenye jina, na plastiki imerithi tu.

Kwanza mzee humenya ganda kwa ukucha, kiasi cha ukucha mmoja, si zaidi. Akizidisha, nyuzi hulegea na kukatikia mdomoni. Kisha huitafuna ile ncha polepole huku akiizungusha, mpaka nyuzi zitengane ziwe kifagio. Maji ya kwanza huyatema, kwa kuwa ni makali kama haradali. Ukali huo watu wa maabara wameuchunguza, wakakuta humo kemikali inayodhoofisha vijidudu vya kinywani. Shirika la Afya Duniani nalo liliupa mti huu baraka zake mwaka 1986, likihimiza wenye desturi ya kuutumia waendelee.

Ila kinachonifanya nisimame na kikombe changu mlangoni si kemikali, ni mkono. Mzee hasugui kwenda na kurudi kama tunavyofanya sisi wenye haraka. Meno ya juu anayashusha kutoka kwenye ufizi, ya chini anayapandisha, jino moja moja. Akimaliza moja anasita, ulimi unapita juu yake kukagua, kama fundi seremala anayepapasa ubao alioupiga randa. Ulimi ukikwama, kijiti kinarudi. Ulimi ukiteleza, anasogea jino la jirani.

Desemba, mdogo wangu anayeishi Kanada alikuja likizo na kuniletea mswaki wa umeme, ule wa pande tatu. Nilidhani ni mbwembwe. Nikauweka kabatini karibu na chaja za simu zilizokufa, hadi siku moja nilipoutoa na kuutazama vizuri, nikajikuta namheshimu aliyeubuni.

Kichwa chake si bapa. Katikati kuna safu ya nyuzi fupi, na kila upande safu ndefu na laini iliyoinama kuelekea ndani. Ukikishusha juu ya gego kinalikalia kama tandiko kwenye mgongo wa punda: nyuzi za katikati zinagusa pale panapotafunia, za nje zinagusa upande wa shavu, za ndani upande wa ulimi. Halafu mota inatetemesha vyote kwa pamoja.

Aliyekiumba alifikiria mahali ambapo ugonjwa huanzia. Ukoga haupendi katikati ya jino, unapenda kingoni, pale jino linapozama kwenye ufizi. Ukiachwa hapo unakuwa mgumu, unakuwa ugaga, ufizi unavimba na kutoa damu, na mwisho jino zima lisilo na tundu hata moja linaanza kucheza. Daktari mmoja wa Marekani, Charles Bass, alilihubiri hili miaka ya 1940: brashi isilale bapa, iinamishwe ielekee ufizi. Kiswahili kimetuchezea hapa, maana inabidi niseme kwamba nyuzi za brashi ziinamishwe nyuzi 45. Mkono wa mtu haustahimili pembe hiyo kwa dakika mbili, hasa upande wa ulimi, ambako hakuna kioo wala nafasi. Kichwa cha pande tatu kimeinamishwa tayari kiwandani. Mwenye usingizi, mtoto, mzazi anayemsafisha mgonjwa kinywa, wote wanapewa ile pembe bila kuihangaikia.

Mswaki wa umeme wenyewe si jambo jipya. Ulitoka Uswisi mwaka 1954, kazi ya daktari Philippe-Guy Woog. Faida yake imepimwa: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio mengi ya miswaki ya umeme ya namna mbalimbali, yalikuta kwamba baada ya miezi mitatu ukoga unapungua kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11, ukilinganisha na mswaki wa mkono. Si muujiza, ila si haba.

Siku ya kwanza niliupeleka kwa mazoea, mbele nyuma mbele nyuma, povu likaruka mpaka kwenye kioo. Kumbe unataka mkono utulie. Ukishindana na mota nyuzi zinalala na kazi inaharibika. Unaushusha juu ya jino, unahesabu tatu, unasogea. Jino, tatu, jino, tatu. Siku ya nne nikagundua nimeshauona mwendo huu mahali fulani, kila asubuhi, kwenye gogo.

Nikanunua rangi nyekundu ya chakula, ile ya keki. Tone kwenye maji, unasukutua, unatema, na ukoga uliobaki unashika rangi. Baada ya mswaki wangu wa kawaida nilijiona kwenye kioo kama mtu aliyetafuna tambuu: mstari mwekundu nyuma ya meno ya mbele ya chini, kutoka chonge hadi chonge. Baada ya ule wa pande tatu mstari ulikuwa umekwisha, yakabaki madoa mawili: nyuma ya gego la mwisho, ambako kichwa hakikuweza kuzunguka, na kwenye jino langu moja lililopinda, ambalo tandiko lilishindwa kulikaa.

Mzee alitaka kujua kwa nini mdomo wangu ni mwekundu. Nikamweleza. Akanyoosha mkono apewe kikombe.

Hapa lazima niseme kuhusu rangi nyingine. Meno ya mzee ni ya kahawia, yenye michirizi, kama ya watu wengi waliokulia huku. Si uchafu. Miamba ya volkano ya ukanda huu, kuanzia milima ya Ngorongoro hadi Oldoinyo Lengai, imejaa floraidi, na maji yanayopita humo huibeba. Katika visima na chemchemi nyingi za kaskazini kiwango kinapita miligramu 1.5 kwa lita, mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayotia kwenye maharage yanaongeza. Mtoto akiyanywa wakati jino bado linaumbwa ndani ya taya, rangi inaumbwa nalo. Linachomoza likiwa hivyo. Nami nina meno hayo hayo; nilisoma bweni mbali na huku, na nilichoka kuambiwa nikapige mswaki. Mswaki wa pande tatu hauwezi kuiondoa rangi hiyo, hata ungekuwa na pande kumi. Dawa yake ni maji tofauti, na mapema. Kichekesho ni kwamba floraidi hiyo hiyo, ikiwa kidogo ndani ya dawa ya meno, ndiyo inayolikinga jino lisioze.

Basi mzee akasukutua, akatema, akafungua kinywa juani. Nyekundu ilishika kwenye vishimo vya michirizi, basi. Upande wa ulimi, mahali nilipotegemea kumkuta na deni kama langu, palikuwa safi. Nikamuuliza anafikaje. Akacheka, akanionyesha pengo: meno mawili ya mbele chini yaling'olewa alipokuwa mdogo, kwa desturi ya Wamaasai, ambayo wazee hueleza kwamba ni kwa ajili ya siku taya zitakapojifunga, ili maziwa na dawa vipate njia. Mzee ameligeuza pengo kuwa mlango. Kijiti kinapita hapo moja kwa moja hadi nyuma ya meno, na kwa magego ameikunja ncha kwa kuing'ata, nyuzi zikasimama kando kama jembe kwenye mpini. Kichwa cha kiwandani kimezaliwa kimepinda. Cha kwake anakipinda mwenyewe, kila baada ya siku chache, kwa kipimo cha mdomo wake. Ncha ikichakaa anaikata kwa sime, anamenya upya.

Pamoja na hayo jino lina pande tano. Tatu ndizo hizo tulizozisema. Mbili zilizobaki ndipo jino linapobanana na jirani yake, na hapo mswaki hauingii vizuri, uwe wa umeme au wa mti. Panataka uzi au kijiti chembamba.

Na habari ya kijiti chembamba inatuhusu kuliko tunavyodhani. Oldupai, kule ambako Mary Leakey aliona meno ya zamadamu Zinjanthropus yakichomoza ardhini tarehe 17 Julai 1959, kumetoka pia jino jingine lisilo na sifa kubwa, la miaka karibu milioni 1.8, lenye mfereji mdogo ubavuni, kwenye upande unaobanana na jirani. Wanasayansi wanausoma kama alama ya kuchokoa meno, tena na tena. Mwaka 2003 mtafiti Leslie Hlusko alitaka kujua kama bua la nyasi linaweza kuchimba mfereji wa namna hiyo, kwa kuwa nyasi zina chembe ngumu kama mchanga laini. Akachukua jino la nyani akalisugua kwa nyasi muda wa saa 8, kisha jino la binadamu muda wa saa 3. Mifereji ikatokea. Nikimfikiria akiwa ameinamia jino moja kwa saa 8, namwona ni wa ukoo mmoja na mzee wangu wa getini.

Nilimsimulia mzee habari hiyo jioni, gari la mwisho la watalii likirudi na vumbi jekundu la mlimani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akang'oa bua kavu kando ya nguzo ya geti, akalipitisha katikati ya magego mawili, akalitazama.

"Huyo," akasema, "alikuwa amekula nyama."